Mbwa wa Nyumba ya Sita

Maiti zilikuwa tisa, zimelazwa sakafuni mwa tangi kuu la maji lililokauka tangu vita ianze, mikono imefungwa nyuma kwa waya. Inspekta alishuka ngazi ya chuma, akamulika tochi, akahesabu mara mbili.

"Saba ni Wa Juu," sajini alisema kutoka mdomoni mwa tangi. "Wawili ni Wa Chini. Mshonaji na mumewe."

"Nani amewatambua?"

"Kaka yake mshonaji, afande. Yule msoma mita za maji. Amelitambua gauni. Tangu asubuhi analia tu."

Inspekta alikaa kwenye kidato cha mwisho cha ngazi. Wiki waliyouawa watu hawa, mtaa ulikuwa mikononi mwa wanamgambo wa Chini. Wawaue Wa Juu saba, hilo lilieleweka, Mungu atusamehe. Lakini wawaue na wenzao?

Huko nje makundi mawili, pande zile zile zilizopigana vitani, yalitenganishwa na utepe wa polisi. Wa Juu waliapa kuwa wauaji ni Wa Chini. Wa Chini waliapa kuwa wauaji ni Wa Juu waliovaa sare za kuazima. Mazishi yalikuwa Ijumaa, na leo ni Jumanne. Kama kufikia Ijumaa polisi watakuwa hawajasema ni nani, kila upande utajisemea wenyewe, na bunduki zilizofukiwa mashimoni zitafukuliwa.

Shahidi alikuwa mmoja tu: mkunga mstaafu wa nyumba ya tano, aliyejificha darini na kuchungulia kwenye tundu la hewa.

"Walikuwa wangapi, bibi?"

"Sita. Nyuso wamezifunika."

"Walianzia wapi?"

"Nyumba ya pili. Wakavuka barabara, wakaenda ya tisa. Wakarudi ya nne, wakavuka tena kwenda ya kumi na moja. Nikasema hawa wamelewa chakari."

"Halafu?"

"Ya sita waliipita mara mbili, mwanangu. Nikashusha pumzi. Kumbe wameiweka ya mwisho."

"Kwa nini ya mwisho?"

"Nijuaje? Zamani watu waliikwepa kwa sababu ya mbwa. Mbwa kichaa yule, alimng'ata hata msoma mita. Lakini alikufa kabla ya vita."

"Na ya kumi na moja, kwa mshonaji?"

"Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Walimwita fundi saa. Fundi saa ni Wa Juu, na alihama mwaka jana! Mshonaji akawaambia, jamani, mimi ni mwenzenu. Mmoja akamjibu, karatasi haisemi hivyo."

Kituoni, sajini alichora njia ya wauaji ubaoni. Mistari ilikatana hovyohovyo.

"Labda waliogopa mzuka wa mbwa," alisema.

Inspekta alicheka, akajutia kicheko chake. Kisha akasimama. Mtaa mzima ulijua kuwa fundi saa amehama na mbwa amekufa. Ni karatasi ya nani ilikuwa haijui?

Akakumbuka mbwa yule alimng'ata nani, akaenda ofisi ya maji. Karani alivuta daftari la usomaji kutoka rafu ya chini, akalipuliza vumbi.

"Msije mkashangaa mpangilio," alisema. "Hatusomi kwa kufuata namba za nyumba. Kila msoma mita ana njia yake, na daftari linaifuata njia hiyo."

Ya pili. Ya tisa. Ya nne. Ya kumi na moja, kwa jina la fundi saa. Nyingine zikafuata hadi mwisho wa ukurasa: ya sita.

Inspekta alilipeleka daftari dirishani, akaliinamisha kwenye mwanga. Kando ya majina matano kulikuwa na alama za penseli zilizofutwa kwa raba. Karatasi ilikuwa imebonyea.

Asubuhi ile ile alikuwa amemshika bega msoma mita na kumpa pole.

Walimleta chumba cha mahojiano. Alikaa na koti lake la kazi mapajani.

"Mbwa wa nyumba ya sita alikufa lini?"

"Ni... ni miezi minane sasa."

"Mbona daftarini bado iko mwisho?"

"Nimezoea tu, afande. Miguu imezoea."

Inspekta aliliweka daftari mezani. "Wauaji nao walikuwa na miguu yako."

Sajini aliacha kuandika.

"Nani alilichukua daftari?" Inspekta aliuliza.

"Kamanda wa Chini. Yule aliyekuwa dereva wa lori la mchanga. Alitaka nyumba za Wa Juu. Akasema ama niziwekee alama, ama waanze na mke wangu. Mke wangu ni Wa Juu, afande. Niliweka alama. Kwangu sikuweka. Waliponirudishia daftari, nikazifuta."

"Ukaweka na kwa dada yako."

"Niliweka jina la fundi saa! Nilisoma majina, sikufikiria milango. Niliogopa hata kuinua macho." Aliingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa fomu iliyokunjwa mara nne. "Ya kubadili jina la mita. Dada alinipa mwenyewe alipohamia. Nikamwambia, wewe ni wa nyumbani, nitaipeleka kesho."

Alitaja wote sita waliokuja kulichukua daftari, kamanda akiwemo, mmoja baada ya mwingine. Kisha akalaza kichwa mezani, juu ya fomu.

"Nimwandike wapi, afande?" sajini alinong'ona. Jalada lilikuwa na visanduku vitatu: shahidi, mtuhumiwa, jamaa wa marehemu.

"Mtuhumiwa," alisema Inspekta. Baadaye kidogo akaongeza, "Na vile vingine viwili."

Mke wa msoma mita alikuwa ameketi kwenye benchi la korido na chupa ya chai. Aliinuka.

"Mume wangu amewataja waliomuua wifi yangu?"

"Amewataja. Keti, mama."

Inspekta alimweleza yote, bila kuficha, maana kesho angeyasikia vibaya zaidi mtaani. Mwanamke alisikiliza, kifuniko cha chupa mkononi.

"Wiki ile tuliwasikia wakipita mlangoni petu," alisema mwishowe. "Nikamuuliza, mbona sisi hawakutugusa? Akaniambia, labda wametusahau. Nikapiga magoti nikashukuru. Alinitazama tu."

Nje, makundi mawili yalikuwa yakilitaka jina. Inspekta alikunja karatasi ya maungamo, akaelekea mlangoni.

"Afande," mwanamke alimwita. "Ijumaa, makaburini. Watasimama Wa Juu huku na Wa Chini kule. Mimi nitasimama wapi?"

Inspekta aligeuka. Alirudi, akaketi kando yake kwenye benchi, karatasi ya maungamo mkononi.