Chini ya Utepe Mweusi

"Mia na kumi na mbili, mia na kumi na tatu," Chiriku alinong'ona, akibonyeza mashine ndogo ya kuhesabia kila alipoona doa lililovimba kwenye picha.

"Hesabu kimoyomoyo!" alifoka Mzee Tena kutoka meza ya pili, bila kugeuka. "Hii ni maabara, si chekechea."

Chiriku alifyata ulimi. Likizo hii alikuwa amekaa wiki nzima chumba kimoja na fundi huyo wa maabara, na neno jema hajalisikia. Osha tena, pima tena, andika tena. Ndiyo maana wanafunzi wa chuo walimbandika jina hilo.

Maabara ilikuwa ya shangazi yake, daktari aliyechunguza ugonjwa mmoja wa ubongo kwa miaka kumi na mmoja. Ubongo una seli zake za ulinzi. Kwa mgonjwa, walinzi hao huvimba na kuishambulia nyumba ileile waliyopewa kuilinda. Shangazi alikuwa na dawa ambayo huenda ingewatuliza. Nusu ya panya wagonjwa walipewa dawa, nusu maji ya chumvi, kisha vipande vya ubongo wao vikapigwa picha mia na ishirini. Watu wawili walihesabu walinzi waliovimba, kila mmoja kwa nakala zake. Jina la kundi lilizibwa kwa utepe mweusi pembeni mwa picha, na ilikuwa marufuku kuubandua.

Chiriku alikuwa ameubandua.

Ilikuwa Jumanne, Mzee Tena alipokwenda kula. Asubuhi hiyo baba yake Chiriku, ambaye ni kaka wa Shangazi, alikuwa ameshindwa kufunga vifungo vya shati lake. Ugonjwa wake ulikuwa huohuo. Chiriku alichungulia rundo lote, akatia nukta ya penseli nyuma ya kila picha ya dawa, akaurudisha utepe. Tangu hapo, doa la kutia shaka kwenye picha ya dawa alilipita. Kwenye picha ya maji ya chumvi, alilihesabu.

Alasiri Shangazi alikuja, akaweka karatasi za wahesabuji ubavu kwa ubavu. Uso ulimbadilika.

"Mzee, hii nini? Picha ya thelathini na tatu, mtoto kapata hamsini, wewe sabini. Inayofuata, kinyume chake!"

"Nimeandika nilichokiona."

"Basi macho yako yamezeeka."

"Macho haya ndiyo yaliyokufundisha hadubini, Daktari, siku ulipoishika kichwa chini."

"Usinikumbushe ya kale! Mwezi ujao nasimama mbele ya jopo la maprofesa. Wameshaniita mwota ndoto. Niwapelekee takwimu hizi wanicheke? Kesho natafuta mhesabuji mwingine. Wewe kaoshe vioo."

Mzee Tena alivua koti jeupe, akalitupa kitini. "Kavioshe mwenyewe," alisema, akaelekea mlangoni.

Chiriku aliweka mashine ya kuhesabia mezani. Akinyamaza, mzee angeondoka na aibu isiyo yake, na hakuna ambaye angejua. Isitoshe, Chiriku hakumpenda mzee huyo hata kidogo.

"Shangazi," alisema, "kosa si lake. Nilibandua utepe."

"Umefanya nini?"

"Nilitaka Baba apone. Na zile za dawa, Shangazi, zina—"

"Nyamaza!" Shangazi aliziba masikio kwa viganja vyote viwili. "Usimalizie! Miaka kumi na mmoja nimejizuia kuchungulia, leo unimwagie yote kwa mdomo?"

"Lakini ni habari njema."

"Si habari. Hujui kitu, mwanangu. Umeona ulichotaka kuona."

Shangazi alikaa. "Yule ni kaka yangu. Tumelala kitanda kimoja utotoni. Unadhani mimi sitaki dawa hii ifanye kazi? Naitaka kuliko wewe. Ndiyo maana nikaziba majina, maana sijiamini. Ukimdanganya mgonjwa kwa kuwa unampenda, ataumeza uongo wako akidhani ni dawa, na ugonjwa utaendelea kumla."

Chiriku alilia kimya. Hakuna aliyembembeleza.

Shangazi akamgeukia fundi. "Mzee, nimekukosea. Nilihukumu kabla ya kuuliza."

"Umenikosea," alijibu Mzee Tena, bila tabasamu. Alirudi akaliokota koti. "Na huyu binti amekosea zaidi. Ila amesema kabla sijatoka." Alilivaa polepole. "Picha zote zichanganywe, zipewe namba mpya na utepe mpya, ndipo zitolewe nakala. Mhesabuji wa pili atoke idara nyingine. Huyu asihesabu."

"Kazi ya kufunika nifanye mimi," Chiriku alisema, akifuta pua. "Mimi nimeshaona, na sihesabu."

Wakubwa wale wawili walitazamana. Kisha Shangazi akamwita katibu wa idara aje kumsimamia Chiriku, na yeye mwenyewe akatoka asije akaona majina. Mzee Tena alisimama nje ya mlango, akiwapa mgongo.

Kufuta nukta ya penseli, kukata, kubandika, kuandika namba, kumwonyesha katibu. Mikono ilimuuma. Jioni, mlinzi wa chuo alipopita akitikisa funguo, mzee aliuliza bila kugeuka, "Ngapi?"

"Thelathini na nane."

"Bado themanini na mbili. Kesho saa mbili kamili. Ukichelewa, nafunga mlango."

"Sitachelewa, Mzee," alisema Chiriku. Akamkabidhi katibu zilizobaki, wakazifungia kabatini.