Tanuri Bado Halijakauka

Asubuhi ukungu hushuka kutoka Vesuvio, mlima wetu wa volkeno, ukakaa juu ya miti yetu ya aprikoti. Ukiamka mapema utadhani nyumba inaelea. Mimi hufungua dirisha la jikoni, naweka kahawa motoni, nasubiri mlima utoke. Kwanza hutoka kilele. Halafu mabega. Halafu ukuta wa mawe meusi alioujenga baba mkwe wangu, na mwisho kabisa kuku.

Nunziella, binti yetu wa miaka minane, huja na blanketi mabegani. Mwaka jana kiti chake kilikuwa karibu na jiko la kuni. Aliweza kuutazama moto mpaka maziwa yake yakapoa, na mimi nilimwacha. Ukiutazama moto kwa muda, mawazo yote hulala. Mimi pia nilikuwa hivyo.

Nawaandikia akina mama wenzangu ambao waume zao wameamka siku moja na kusema watajenga tanuri la piza uani. Wangu alisema hivyo mwezi wa pili.

Sabato ni fundi bomba. Anajua mabomba, na kwa sababu hiyo anadhani anajua na vitu vingine. Alisema ameota ndoto. Katika ndoto hiyo palikuwa na meza ndefu chini ya miti, watu wanakula, na nyuso zao ni nyekundu kwa mwanga wa tanuri. Kila siku aliisimulia upya, na kila siku wageni waliongezeka. Wiki ya pili hata marehemu babu yake alikuwa mezani.

Nunziella alikuwa apokee Komunyo ya Kwanza katikati ya mwezi wa tano. Kwetu Komunyo ya mtoto si jambo dogo. Wanakuja ndugu ambao hujui hata undugu wenu umeanzia wapi, na chakula cha siku hiyo kinazungumzwa miaka. Sabato alitaka kizungumzwe chake.

Mawe aliyatoa kwenye ukuta ule ule wa baba yake. Ni mawe ya mlima, meusi, yenye matundu kama mkate. Nilimuuliza kama yanafaa. Akanicheka kidogo.

"Jiwe hili limezaliwa ndani ya moto, mke wangu," alisema. "Moto utalifanya nini tena?"

Watu wengi wa huku husema hivyo. Niliona ni kweli, nikanyamaza.

Akajenga. Tanuri lilikuwa kubwa, mita moja na nusu kwa ndani, na mdomo wake mpana. Kaka yangu Catello alipokuja kuliona aliingiza kichwa na mabega yote mawili, akatoka na vumbi nyweleni.

"Shemeji, humu tutaoka piza au utaegesha gari?"

Sabato alicheka pamoja nasi. Mawe aliyashikanisha kwa saruji ya kawaida, ile ya kujengea ukuta. Alimaliza Jumamosi moja, majuma mawili kabla ya Komunyo. Juma lote hilo mvua ilikuwa imenyesha. Nilimwambia aliache likae kwanza. Alijibu kwamba padre hatasogeza siku kwa ajili ya tanuri letu.

Jumapili, saa tano asubuhi, aliwasha moto. Hakuwasha moto wa kujaribu. Alijaza kuni mpaka ndani.

Ulikuwa moto mzuri. Moshi ulitoka mweupe, ukapanda taratibu, ukachanganyika na ukungu hata sikujua kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Aprikoti changa za kijani zilikuwa zikianguka moja moja. Nilikaa kwenye kibao, maharage mapya mapajani, sikumenya hata moja. Nunziella alisogea mpaka karibu na mdomo wa tanuri. Nilimwona. Nasema kweli, nilimwona, na nilidhani ni picha nzuri.

Kwanza mawe yalilia tik, tik, kama saa ya ukutani. Halafu ukaja mlio kama wa bunduki.

Kipande cha jiwe kiliruka kikampiga mtoto juu ya jicho. Damu ilishuka haraka sana. Catello alikamata ndoo ya maji akakimbilia tanuri, na hapo sauti ikatoka langoni: "Weka ndoo chini. Ondokeni wote hapo."

Alikuwa Ermelinda, jirani yetu. Yeye ni komare wangu, maana ndiye aliyemsimamia Nunziella ubatizo, na kwetu huyo ni ndugu. Kazi yake ni kulisha matanuri ya kuchomea vigae katika mji wa pili, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alikuwa amesikia mlio kutoka nyumbani kwake, akajua ni nini. Alitusogeza sote nyuma ya nyumba. Alisema maji baridi juu ya jiwe la moto yatarusha mawe zaidi, moto uachwe ufe wenyewe, mtu asikaribie mpaka kesho. Halafu akatupeleka zahanati kwa gari lake, kitambaa cha mezani kikiwa kimebanwa juu ya kidonda.

Daktari alimshona nyuzi tatu kwenye nyusi. Alipomaliza hakutulaumu. Aliweka kidole chake kati ya kidonda na jicho. Kidole kimoja tu kilienea.

Jioni hiyo hakuna aliyekula.

Kesho yake Ermelinda alikuja, akazunguka tanuri mara mbili. Mawe manne yalikuwa yamepasuka na saruji imefanya nyufa ambazo mkono ungeingia. Sabato alisimama pembeni kama mtu anayesubiri hukumu.

"Jiwe lilizaliwa motoni, ni kweli," komare alisema. "Lakini baada ya hapo limekaa mvuani miaka mia. Matundu haya yote yamejaa maji. Maji yakichemka ndani ya jiwe yanatafuta njia ya kutoka. Yasipoipata, yanaitengeneza."

"Wazee walijengea mawe haya," Sabato alisema.

"Walichagua yaliyoshikana, wakayachonga, wakayakausha mwaka mzima chini ya paa. Wewe umeyatoa ukutani Jumatatu ukayawasha Jumapili."

Sabato aliuliza swali moja tu. Je, likizibwa vizuri, siku ya Komunyo litakuwa tayari?

"Komunyo itafika," Ermelinda alijibu. "Tanuri halitafika. Chagua unachotaka kusikia, shemeji, lakini mimi nimekwisha kukwambia."

Siku mbili Sabato alitoka kulitazama tanuri, akarudi, akatoka tena. Nilijua anachopigana nacho. Alikuwa amemwambia kila mtu, mpaka binamu zake wa Nola. Mimi niliogopa. Niliogopa kwamba atatafuta saruji nyingine, aliwashe tena, na mimi nitanyamaza tena. Usiku niliota tanuri lina midomo mingi, na mbele ya kila mdomo amesimama mtoto.

Asubuhi ya tatu Nunziella alikuja jikoni na blanketi lake na plasta usoni. Alikichukua kiti chake karibu na jiko, akakivuta taratibu mpaka mlangoni, akaketi huko kwenye baridi. Hakulalamika wala hakulia. Sabato alikuwa anakunywa kahawa. Alimtazama mtoto, akatazama nafasi ile tupu karibu na jiko. Akaweka kikombe chini, akatoka, nikasikia nyundo. Kufika mchana tanuri lilikuwa rundo la mawe.

Ndipo tulipoanza kujifunza. Ermelinda alikuja kila jioni baada ya kazi, sigara mdomoni, akitukana kazi ya Sabato kwa upendo.

Kwanza alimuuliza sisi ni watu wangapi nyumbani. Watatu. Basi tanuri la nini la mita moja na nusu? Alisema tanuri kubwa linakula kuni nusu siku kabla hujaoka hata piza moja. Sentimita tisini kwa ndani zinatosha familia na wageni wake. Kisha akatusogeza mbali na ukuta wa nyumba na mbali na miti, akasimama akasikiliza upepo wa baharini unaokuja mchana, na mdomo akauelekeza upande ambao upepo hauingii ndani.

Mawe ya mlima hakuyakataa yote. Kuna yale mepesi, kama povu lililoganda, ukiyatupa majini yanaelea. Hayo tuliyakusanya, tukayakausha juani, tukayachanganya na saruji kidogo, tukayamwaga juu ya msingi. Hayo kazi yake ni kuzuia joto lisikimbilie chini. Moto wenyewe hauyagusi. Juu yake tulitandaza mchanga mkavu, na juu ya mchanga vigae vinene vya udongo, bila kuvigandisha, ili kimoja kikipasuka ukitoe peke yake.

Halafu kuba. Sabato alitaka kutengeneza umbo kwa mbao. Ermelinda akamwambia aache ufundi mwingi. Tulirundika mchanga wenye unyevu juu ya vigae, tukaupiga kwa viganja mpaka ukawa kama tumbo la mjamzito, kimo chake sentimita arobaini. Tukaufunika kwa magazeti yaliyolowa. Juu ya magazeti tukapanga matofali ya tanuri, yale yaliyochomwa maalumu kustahimili moto, mstari juu ya mstari. Yalishikanishwa kwa udongo wa mfinyanzi na mchanga, si kwa saruji. Mdomo tuliupa sentimita ishirini na tano. Komare alisema ukiwa mrefu kuliko hapo joto lote linatoka, ukiwa mfupi moto unakosa pumzi. Bomba la moshi likakaa mbele, juu ya mdomo.

Siku ya Komunyo, tanuri lilikuwa bado na mchanga tumboni. Nilipika tambi za kuoka ndani ya nyumba, sinia tano. Nunziella alikuwa na gauni jeupe, na nyusi yake imeanza kupona. Wageni walikuja, wakala, wakatazama uani. Sabato alimimina divai bila kuinua macho. Catello hakuweza kujizuia.

"Shemeji, lile ni tanuri au kaburi la punda?"

Meza yote ikamgeukia Sabato. Nikakamata kijiko kwa nguvu.

"Ni kaburi la haraka yangu," Sabato alisema. "Kula tambi zako."

Mtu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, na Sabato akawa wa mwisho kucheka. Mazungumzo yakahamia kwenye sukari ya keki. Nilikuwa nimeiogopa siku ile majuma mawili, kumbe ilikuwa jambo la dakika moja.

Baadaye tuliutoa mchanga kwa mikono. Tulifunika kuba kwa tabaka nene la yale mawe mepesi, tukajenga kijipaa cha kuzuia mvua. Halafu tukaliacha. Majuma matatu hatukuligusa. Hili ndilo gumu kuliko yote, akina mama. Kujenga mtu yeyote anaweza. Kusubiri ndiyo kazi.

Baada ya hapo mioto midogo. Siku ya kwanza vijiti vya mkono mmoja, saa kadhaa, mdomo wazi. Siku ya pili vijiti zaidi kidogo. Hivyo hivyo siku saba. Siku ya tatu nje ya kuba palitoka jasho, matone madogo, na mvuke mwembamba ukapanda kwenye jua la asubuhi. Nilisimama mbali nikautazama. Nilifikiri, haya ndiyo maji ambayo yangetoka kwa mlio. Sasa yanatoka kama pumzi ya mtu aliyelala. Siku ya sita jasho likaisha.

Kuni nazo zilikuwa na maneno. Sabato alitaka kumaliza nguzo za zamani za mizabibu, zile zilizopakwa dawa ya kijani zisioze. Ermelinda alimnyang'anya mkononi. Moshi wake ni sumu, na sumu hukaa kwenye chakula. Hali kadhalika mbao zenye rangi. Tunachoma mwaloni mkavu na matawi ya aprikoti yaliyokatwa mwaka uliopita. Majivu tunayatia kwenye ndoo ya chuma yenye kifuniko, na hayamwagwi mpaka siku mbili zipite, maana kaa huweza kujificha ndani yake.

Na chini, hatua tatu kutoka mdomoni, nilichora mstari wa chokaa. Mimi mwenyewe niliuchora. Mtoto haupiti. Mtu mzima anaupita akiwa na kazi, si kwa kuota.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa saba tulioka. Tulikuwa sisi, Catello na mkewe, na Ermelinda. Moto ulisukumwa pembeni. Kuba lilikuwa jeusi kwa masizi, kisha joto likayala masizi yote, matofali yakageuka meupe. Komare alisema hiyo ndiyo ishara kwamba tanuri liko tayari. Piza ya kwanza iliingia na nyanya, jibini na majani ya mrehani. Haikumaliza dakika mbili. Ilitoka imevimba kingo, ina madoa meusi, jibini linachemka. Catello alikula robo nzima kabla hajapata neno la utani, na neno lenyewe halikuja.

Nunziella alikuwa mbali, kwenye ngazi za mlango, magoti yamekumbatiwa. Tangu mwezi wa nne hakuwa ameukaribia moto wowote. Hatukumwita. Sabato alioka ya pili. Harufu ilipita chini ya miti, hewa juu ya kuba ikatetemeka, na mlima nyuma yake ukaonekana kama unatembea.

Nilipogeuka, ngazi zilikuwa tupu. Mtoto alikuwa anakuja, polepole, kama anayetembea ndani ya maji. Jina lake lilikuwa tayari mdomoni mwangu.

Alifika kwenye mstari wa chokaa akasimama, vidole vya miguu nyuma tu ya chokaa.

"Baba," alisema, "yangu usiweke majani."

Nikalimeza jina lake, nikaketi.