Posho ya Ijumaa

Alhamisi, saa kumi jioni.

Nyuma ya karakana moja ya friji huko Mbaraki kuna chumba kisicho na dirisha. Mna meza, viti vinne, na joto la kumtoa mtu roho. Kalama alikuwa amesimama. Wengine watatu walikuwa wameketi, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kukaa sana.

"Kesho," Kalama alisema. "Si wiki ijayo. Kesho."

Kalama alikuwa askari wa kampuni ya ulinzi kwa miaka mingi, akisindikiza pesa za watu, mpaka siku alipochoka kuzisindikiza. Sauti yake haikupanda kamwe. Waliofanya kazi naye walijua kwamba ikizidi kushuka ndipo pa kuogopa, na jioni hiyo ilikuwa imeshuka sana.

Kulia kwake aliketi Lewis, pande la mtu lililofukuzwa kazi bandarini kwa ugomvi. Alikuwa akiipangusa bastola kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayepangusa miwani. Kushoto aliketi Nasipwondi, msichana mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa akisomea ustawi wa jamii. Karibu na mlango alikuwa Sufyan, dereva wa tuktuk, mzaliwa wa Kibokoni, ambaye tangu azaliwe hakuwa ameiba hata peremende.

"Waeleze," Kalama alimwambia Nasipwondi.

"Ni posho ya mafunzo ya kazini," alisema. "Huwezi kufuzu bila mafunzo hayo. Wauguzi, walimu, sisi wa ustawi. Miezi unafanya kazi ya mtu mzima, na mshahara hupati. Serikali ikakubali kutoa posho. Sasa mtambo wa kulipia kwa simu umegoma, majina hayaoani na namba, watu wakaandamana. Kesho wanalipa mkononi, kwenye ukumbi pale Ganjoni. Mimi mafunzo yangu nayafanyia pale pale. Mimi ndiye ninayepanga foleni."

"Wewe watakulipa?" Sufyan aliuliza.

"Jina langu halimo. Wameniambia nisubiri mwaka ujao." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

Sufyan alikuwa ameambiwa kwamba ni sefu ya tajiri mmoja wa mchele. Aliambiwa kwamba tajiri mwenyewe hatalala njaa. Hakuna aliyemwambia kwamba ni posho ya wanafunzi, na dada yake Tahseen alikuwa mmoja wao.

Tahseen alikuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Tangu wazazi wao wafariki walikaa wawili, chumba kimoja na jiko, na Sufyan alikuwa amejiapiza kwamba yule mtoto atavaa joho. Miezi hii alikuwa wodi ya wazazi, akizalisha wanawake usiku kucha na kurudi nyumbani kwa miguu kwa sababu nauli haikuwepo. Chuo kilikuwa kimempa hadi Jumatatu. Asipomaliza karo, mafunzo yake yote yangefutwa, mwaka aurudie. Ni kwa ajili ya Jumatatu hiyo Sufyan alikuwa ameketi kwenye kiti hicho.

"Mimi sitaki pesa hizi," alisema. "Dadangu yumo humo."

Kitambaa cha Lewis kilisimama.

"Atalipwa asubuhi," Kalama alisema. "Sisi twaingia saa ya swala ya Ijumaa. Watakaokosa ni wa mchana."

"Na wa mchana je?"

"Hao si dada zako."

Sufyan aliutazama mlango. Baya zaidi ni kwamba alipata nafuu moyoni, na akajionea haya kwa nafuu hiyo, lakini hakuinuka. Aliyejua mpango hakuwa na ruhusa ya kutoka nje yake. Hilo halikuhitaji kusemwa.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Saa ya swala malipo yatasimama. Polisi mmoja ataenda msikitini, mwenzake ataenda kula. Pesa zitabaki chumba cha nyuma, kwenye mifuko miwili, na karani mmoja. Nasipwondi ataacha mlango wa nyuma bila komeo. Kalama na Lewis wataingia wamevaa buibui, na ninja za kufunika nyuso, kama wasichana wengi wa foleni ile. Sufyan atasubiri kwenye kichochoro na tuktuk. Wakifika Kibokoni, pale magari yasipoingia, Lewis ataichukua tuktuk kuelekea Makupa ili polisi waifukuze. Kalama na Sufyan watashuka kwa miguu hadi bandari ya kale, kila mmoja na mfuko wake. Boti itakuwa inasubiri.

"Na wewe utavaa buibui," Kalama alimwambia. "Uso wako huko unajulikana hata na paka."

"Barazani watatuona."

"Barazani hapatakuwa na mtu. Kila mwanamume atakuwa msikitini. Ndiyo maana nimechagua saa hiyo. Tukichelewa, tumekwisha."

Ijumaa, saa sita u nusu mchana.

Tuktuk ilikuwa imeegeshwa mtaa wa pili kutoka ukumbini. Nyuma waliketi wanawake wawili wakubwa kupita kiasi. Mmoja wao alinuka sigara. Sufyan alishuka akijifanya anatazama gurudumu, akampigia Tahseen.

"Umelipwa?"

"Bado, kaka. Kuna mama alijifungua mapacha, nikatoka wodini nimechelewa. Niko nyuma ya watu kama kumi."

"Toka humo. Nenda nyumbani."

"Nitoke niende wapi?"

"Tahseen, nisikilize. Toka sasa hivi. Pesa nitakutafutia mimi."

"Utazitafuta wapi? Wewe mwenyewe hiyo tuktuk si yako." Alishusha sauti. "Walitaka kufunga kwa ajili ya swala, wanafunzi wakakataa kutoka. Karani amekubali kumaliza waliomo ndani. Niache kaka, n'shafika."

Simu ikakatika. Sufyan alirudi kwenye usukani.

"Twende," Kalama alisema kutoka nyuma ya ninja.

Sufyan alipeleka mkono chini ya kiti, akaifunga koki ya mafuta. Tuktuk ikawaka, ikaenda hatua chache, ikakohoa, ikazima. Akajaribu tena. Ikakohoa tena.

"Ina nini?" Lewis aliuliza.

"Plagi."

Alifungua injini. Aliichomoa plagi, akaipuliza, akaifuta kwa shati, akaitazama juani kama sonara. Kwenye kipaza sauti cha msikiti wa karibu hotuba ilikuwa inaendelea. Kisha ikaisha. Wakakimu swala. Sufyan aliirudisha plagi, akaichomoa tena. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani mwake. Aliisikia amina ya umati mzima.

Kitu kigumu kilimgusa ubavuni. Lewis alikuwa ameshuka, na ndani ya ule mkono mpana wa buibui hapakuwa na mkono peke yake.

"Ikikosa kuwaka sasa," Lewis alisema, "nakuacha hapa hapa."

"Yaja kuwaka. Wallahi."

Simu ilitetemeka mfukoni. Akaitazama kwa jicho moja. *Nimelipwa, kaka. Narudi nyumbani. Leo nitakupikia biriani.*

Aliirudisha plagi, akarudi kitini, akaifungua koki. Injini ikanguruma. Furaha ilimjaa kifuani mpaka akataka kucheka, na hapo ndipo alipoona kwenye kioo kwamba Kalama alikuwa akimtazama, macho tu, hayapepesi.

"Nani huyo?" Kalama aliuliza.

"Dadangu."

Kalama aliitazama saa yake.

Saa saba na robo.

Kutoka kichochoroni Sufyan hakuona kitu. Alisikia kelele za wasichana waliokuwa wakisubiri zamu ya mchana. Alisikia meza ikianguka. Kisha mlio mmoja wa risasi, mkavu, na baada yake kimya kilichomtisha kuliko kelele. Mlango wa nyuma ulifunguka, mabuibui mawili yakatoka mbio, kila moja na mfuko. Walipopanda, Sufyan aliona mkono wa Lewis umelowa damu hadi kwenye kiwiko.

"Ya nani?"

"Endesha."

"Ya nani hiyo damu?"

"Ya Nasipwondi," Kalama alisema. "Alikuwa ajifanye kupigwa, asishukiwe. Lewis akamalizia kazi. Aliyetufungulia mlango leo angetufungulia wa selo kesho."

Lewis alikuwa akitazama nje kama abiria yeyote. Sufyan aliendesha. Alimkumbuka yule msichana alivyocheka jana, na akajua kwamba hesabu iliyompata Nasipwondi ilikuwa na nafasi ya mtu mwingine, na mtu huyo ndiye aliyeshika usukani. Lakini wao walimhitaji bado. Kalama hakuvijua vichochoro vya Kibokoni, wala Lewis.

Swala ilikuwa imeisha. Barabara ilijaa kanzu nyeupe, watu wakitoka misikitini kwa utaratibu, wakipeana mikono, wakisimama katikati ya njia kuulizana hali za nyumbani. Tuktuk ilisukumana nao. Kalama alihesabu kwa vidole juu ya goti lake, na hakulalamika, jambo lililozidi kumtia Sufyan hofu.

Kwenye mdomo wa kichochoro Sufyan alivaa buibui na ninja. Lewis alichukua usukani, akaondoka bila kuaga. Wakabaki wawili.

"Tangulia," Kalama alisema. "Tembea kama mwanamke aliyechoka. Usimtazame mtu."

Sufyan alitangulia. Mfuko ulimlemea begani. Kushoto, kulia, chini ya roshani ya mbao, kushoto tena. Wanawake wawili walimpita bila kumtazama. Harufu ya bahari ilikuwa imeanza kuja. Mbele, kona ya mwisho, lilikuwa baraza la mzee Najmuddin.

Lilikuwa limejaa. Wazee watano, kanzu safi, buli la kahawa katikati, vikombe vikizunguka. Mzee Najmuddin ndiye aliyemfundisha Sufyan msahafu, ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzika babake. Tangu aanze kutembea, Sufyan alikuwa amepita hapo kila siku ya Mungu, na hakuna mtoto aliyelelewa Kibokoni anayepita barazani kama anayepita ukutani. Mwanamke hupita kimya, akiinamisha kichwa. Mwanamume hutoa salamu.

Alikuwa akimfikiria Tahseen, na Nasipwondi, na ni wapi Kalama atamfanyia yale yale. Miguu ilijua njia. Mdomo nao ukafanya yake.

"Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam, Sufyan," mzee Najmuddin alijibu, kwa mazoea yale yale.

Kisha kikombe kikasimama njiani kwenda mdomoni.

Wazee watano walilitazama buibui, na buibui likasimama kama limepigiliwa misumari. Sufyan alihisi mkono ukimgusa bega kutoka nyuma, mkono mpole, kama wa dada anayemsaidia mwenziwe mzigo. Mfuko ukaondoka begani.

"Umeniokolea risasi niliyokuwekea," Kalama alimnong'oneza.

Akapita. Mifuko miwili, kichwa chini, hatua ndogo ndogo. Wazee walivuta miguu yao kumpisha.

"Yule ni mwanamume," Sufyan alisema. "Mshikeni. Yule ni mwanamume."

Mmoja aliinuka nusu, akasita. Nani atamwekea mkono mwanamke wa watu mchana kweupe, baada ya Ijumaa, kwa neno la kijana aliyejifunika ninja? Walipomaliza kusita, boti ilikuwa imeshanguruma huko chini.

Mzee Najmuddin alishuka barazani. Aliiinua ninja kwa vidole viwili, taratibu.

"Mwanangu," alisema. "Wafanya nini ndani ya nguo hizi?"

Sufyan alilia. Alikaa chini pale pale, akalia kwa sauti, na wazee wakamzunguka, wasijue kama wanamzuia asikimbie au asipigwe.

Saa nane mchana.

Polisi walikuja sita. Inspekta alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya uchovu. Alikuwa ameishika simu ya Sufyan, akisoma.

"Yule msichana aliyekuwa akipanga foleni amefariki," alisema. "Sasa hii ni kesi ya mauaji."

Sufyan alisema kila kitu. Karakana, Kalama, Lewis, boti. Alisema haraka haraka, kwa maana alikuwa ameshaiona ile sare ya uuguzi ikija kutoka mwisho wa kichochoro. Tahseen alikuwa amebeba kuku wa kukopa kwenye mfuko wa karatasi, na mchele. Alikuwa anatabasamu mpaka alipowaona askari.

"Wewe ndiwe Tahseen?" inspekta aliuliza.

"Ndimi, afande."

"Umelipwa posho leo?"

"Nimelipwa. Mimi nilikuwa wa mwisho. Karani alifunga nyuma yangu."

"Kakako alikupigia kabla?"

"Alinipigia. Aliniambia nitoke ndani, nende nyumbani."

Alijibu kama anavyojibu mtu asiye na kosa, yote, bila kupunguza. Sufyan alifumba macho.

"Hajui kitu," alisema. "Wallahi hajui kitu. Mimi ndiye niliyezima tuktuk ili alipwe kwanza."

"Kwa hivyo mlisubiri ishara yake," inspekta alisema.

Tahseen alimtazama kaka yake kwa mara ya kwanza, kuanzia miguuni hadi shingoni. Uso wake ulibadilika, lakini si kwa hofu. Alikuwa ameona kitu anachokijua.

"Hilo buibui ni langu," alisema.

Inspekta alinyoosha mkono. Tahseen hakuelewa mpaka alipoelekezwa mkoba. Akaitoa bahasha, imefungwa bado, akaiweka kwenye kiganja kile kwa mikono miwili, kwa adabu aliyolelewa nayo.

"Afande," alisema, "nitarudishiwa kabla ya Jumatatu?"

Mzee Najmuddin aligeuza uso ukutani. Inspekta alimkabidhi askari ile bahasha, akamshika Tahseen mkono juu ya kiwiko.

"Twende, binti," alisema. "Mchele huo mwachie mzee."