Harage Jeupe la Sesilia

Kila asubuhi Sesilia aliteka maji, alifagia uwanja, alimwamkia bibi yake, kisha aliteremka mbio kati ya matuta ya kabichi kwenda shuleni, kule kwenye njia iendayo mji wa Soni. Watu walidhani anawahi namba za waliofika mapema. Ukweli ni kwamba alikuwa akimwahi rafiki yake Witness, ili anakili hesabu za sehemu kabla kengele haijalia. Sehemu zilimshinda kabisa. Akiona tarakimu moja imekaa juu ya nyingine, kichwa kilimzunguka. Kusema "sijaelewa" mbele ya darasa la sita zima aliona aibu.

Jumatatu moja Mwalimu Dorkasi, aliyewafundisha hisabati, aliingia na dodoso, karatasi yenye swali kwa kila mwanafunzi.

"Mwalimu mkuu yuko tayari kutupa saa ya ziada ya hisabati kila alasiri," alisema, "ila anataka kujua kama inahitajika kweli, yaani ni wangapi wananakili kwa kutoelewa. Andikeni majina yenu, kisha mjibu kwa ukweli."

Swali lilikuwa hili: Je, umewahi kunakili kazi ya mwenzako? Sesilia alilitazama jina lake pale juu. Akamfikiria mama yake, mzee wa kanisa. Akaandika "Hapana" kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote.

Kesho yake mwalimu aliingia akitabasamu.

"Hongereni! Wote arobaini mmejibu Hapana. Kumbe nafundisha malaika!"

Darasa likapiga makofi.

"Lakini hebu nisaidieni. Niliuliza: kwaya ina watu ishirini, robo tatu yao wana sare. Ni wangapi? Madaftari kumi na moja yanasema watu sita na theluthi mbili. Huyo wa theluthi mbili anaimba sauti gani?"

"Nyembamba, mwalimu!" akadakia Kristofa kutoka nyuma.

Darasa zima liliangua kicheko. Sesilia naye alicheka, ingawa masikio yalimwaka moto. Witness aliinamisha kichwa, maana kosa lilianzia kwake.

"Na mimi nilikosea," mwalimu akasema. "Niliwaambia mwandike majina. Nani atajichongea kwa mkono wake mwenyewe? Tufanye upya."

Akatoa kifuko cha kitambaa. "Humu mna maharage mekundu ishirini na meupe ishirini. Kila mmoja achukue moja, alifiche kiganjani. Ukipata jekundu, andika Ndiyo hata kama hujawahi kunakili. Ukipata jeupe, andika ukweli. Jina usiandike. Nikiona Ndiyo, sitajua kama ni yako au ni ya harage."

Sesilia alichungulia kiganjani. Jeupe! Bado angeweza kuandika Hapana, na hakuna ambaye angejua. Lakini saa ile ya ziada aliitaka kuliko kitu kingine. Akaandika "Ndiyo" upesi, akahisi kama ametua ndoo iliyokuwa kichwani.

Karatasi zilipohesabiwa, Ndiyo zilikuwa thelathini na tatu.

"Ondoeni ishirini za maharage mekundu."

"Kumi na tatu!" darasa likajibu.

"Basi kati ya ishirini waliopata meupe, kumi na tatu wamewahi kunakili. Sasa nina cha kumwambia mwalimu mkuu. Kesho alasiri tunaanza!"

Katikati ya shangwe, Sesilia alijikuta amesimama. "Samahani, mwalimu. Langu lilikuwa jeupe. Sehemu sizielewi tangu tulipozianza."

Darasa likamgeukia. Kisha Witness naye akasimama. "Mwalimu, hata mimi ninayenakiliwa sizielewi!"

Walicheka mpaka darasa la jirani likachungulia.

Kwa wiki tatu walikata mapeasi nusu, robo na thumuni, wakila walichokokotoa. Jaribio lilipokuja, Sesilia alilifanya bila kutazama pembeni, akapata kumi na saba kati ya ishirini. Aliruka juu kama mwanambuzi.

Mwalimu Dorkasi alimshika bega. "Unajua, Sesilia, zile karatasi arobaini za kwanza zilipendeza sana, lakini hazikunisaidia kitu. Mtu akijipamba kwa majibu mazuri, hata anayetaka kumsaidia hajui aanzie wapi. Ulipokubali kusema ukweli usiokupendeza, ndipo nilipojua pa kuanzia."