Mpira wa Fundi Anselmo

Aliyenisimulia ni rafiki yangu Ermes, wa hapahapa Modena, Italia, mtu asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa.

Ermes ana gari la kifahari la mwaka 1966. Ukisikia silinda zake kumi na mbili zikiimba, unasahau kwamba kila mwezi kabureta zinaleta ukorofi. Aliyezimudu ni fundi mmoja tu, mzee Anselmo. Alikuwa akitia ncha moja ya mpira mwembamba kama mrija kwenye kabureta, nyingine sikioni, anasikiliza inavyopumua.

Alipolazwa, alimpigia Ermes simu.

"Lilete uani hapa hospitali, nilisikie mara moja tu."

"Kunanyesha, fundi. Litaliwa na kutu."

"Ninayeliwa ni mimi, bwana. Lilete!"

"Kesho," akasema Ermes.

Kesho hiyo Anselmo hakuiona. Tulimzika na mpira wake mfukoni; niliutia kwa mkono wangu. Ermes alisimama mbali, hakuthubutu kusogelea jeneza.

Jumapili iliyofuata, mchana wa ukungu mzito, alikwenda kuliwasha gari lipate moto kidogo, kama tufanyavyo sote wenye magari ya zamani. Gereji ilikuwa giza. Kabla hajagusa ufunguo, alisikia pumzi ikivutwa taratibu mbele ya gari, kisha kimya.

"Fundi, nisamehe," akajikuta anasema.

Akafungua boneti. Injini ilikuwa baridi kama jiwe. Juu yake ulilala mpira mwembamba. Akaushika. Ncha ya kabureta ilikuwa baridi. Ile ya sikioni ilikuwa bado na joto.