Salamu ya Zamda Uhindini

Kila asubuhi Zamda alikaa sakafuni pamoja na mama yake, Mwamini, wakisuka ukili wa mikeka. Zamani, kazi hiyo ilikuwa na nyimbo na masimulizi mengi. Sasa walisuka kimya, maana mtu mwenye njaa hana pumzi ya kuimba.

Ulikuwa mwaka wa pili wa vita vya Maji Maji. Askari wa Mdachi walikuwa wamepita katika visiwa vya delta ya Rufiji wakitia moto nyumba na maghala ya mpunga. Kule Maparoni, kijijini kwao Zamda, watu waliishi kwa samaki wachache na ming'oko, ile mizizi ya porini. Mdogo wake, Kibwana, alikuwa amevimba miguu na hakuweza tena kutembea.

Mbegu ya mpunga ilikuwapo, ila hakuna aliyejua ilipo. Kaka yake mama, mjomba Kondo, aliificha aliposikia askari wanakuja. Kabla hajamwambia mtu, alikamatwa kwa tuhuma kwamba amekunywa dawa ya vita. Akatiwa mnyororo shingoni na kupelekwa Dar es Salaam.

"Masika yakitukuta bila mbegu, tumekwisha," Mwamini alisema. "Nasikia wafungwa wanapitishwa kila siku mtaa wa Uhindini, wanabeba mawe ya kutengenezea barabara. Tutakwenda kuuza mikeka. Tukimwona, tutamuuliza."

Kibwana aliachwa kwa jirani. Mama na mwanawe wakavuka kwa mtumbwi hadi bara, wakaifuata njia ya Kibiti. Zamda hakuwahi kwenda mbali hivyo. Vijiji walivyovipita vilikuwa majivu. Karibu na Kibiti walimkuta mwanamke ameketi kando ya njia, mtoto mgongoni. Zamda alimwamkia mara mbili. Mama akamvuta mkono.

"Twende, mwanangu. Hawezi kukuitikia tena."

"Na mtoto?"

"Naye pia. Twende."

Walipofika Dar es Salaam, miguu ya Zamda ilikuwa imepasuka. Lakini alipoingia Uhindini alisahau maumivu. Mtaa huo ulijulikana pwani nzima, na wapagazi waliousifu hawakusema uongo. Maduka yalipangana pande zote mbili, vitambaa vya kila rangi vikining'inia barazani. Palikuwa na taa za vioo, shanga, sufuria zinazong'aa, na magunia ya mchele yaliyofunguliwa midomo. Mbele ya duka moja mtumishi alimwaga makoko ya wali mtaroni. Watoto wawili waliokonda wakayarukia. Mtumishi akawapiga kwa ufagio, kisha akawacheka.

"Sikiliza," Mwamini alimwambia Zamda. "Mimi nitakaa mwanzo wa mtaa, wewe kaa huku mwisho. Akipita, mwamkie, mpe maji, umuulize. Watu huwapa wafungwa maji, askari hawakatazi sana. Lakini usitaje mpunga kwa Kiswahili. Sema Kindengereko chetu."

Zamda akatandaza mkeka wake kwenye baraza la duka. Haukupita muda mrefu akaja mke wa askari mmoja, amejifunga leso mpya na ya pili ameishika mkononi. Aliupenda mkeka. Alimtupia Zamda ile leso begani.

"Tubadilishane," alisema. "Inakupendeza. Unatoka wapi, binti?"

Kabla Zamda hajajibu, minyororo ililia. Wafungwa walitokea kichochoro cha pembeni kwa mstari, mawe vichwani, shingo zao zimeunganishwa. Wa tatu alikuwa mtu mwembamba kama ufito, macho yameingia ndani. Alikuwa mjomba Kondo.

Naye alimwona. "Zamda!" aliita kwa sauti iliyokauka. "Maji, mwanangu."

Kibuyu kilikuwa miguuni pa Zamda. Yule mwanamke akamgeukia, sura imebadilika.

"Hao ni waasi wa Rufiji. Huyo ni ndugu yako?"

Zamda alitazama kiboko cha askari aliyewachunga wafungwa. Kisha akaikamata leso isije ikanyang'anywa.

"Simjui," alijibu. "Wala mimi sitoki huko."

Mjomba Kondo alisikia. Alisimama, na aliposimama yeye mstari wote ukasimama. Kiboko kikampiga mara nyingi, jiwe likamponyoka, akaanguka akiwavuta wenzake shingo. Walipoinuliwa, hakugeuka tena.

Jioni mama alikuja amechoka, jasho limemkaukia usoni.

"Amepita kwako? Kwangu walileta kundi jingine."

"Hajapita, mama."

Siku iliyofuata wakangoja tena, na Kondo hakuonekana. Chakula kikawaishia. Asubuhi ya tatu Mwamini alianza kufunga mzigo. Alisema polepole, "Bila shaka amekwisha kufa. Turudi tukamzike Kibwana."

Maneno hayo yalimchoma Zamda kuliko mwiba wa samaki. Akapiga magoti.

"Mama, alipita siku ile ya kwanza. Aliniomba maji. Nikasema simjui."

Mwamini alimtazama. Mkono wake ulipanda kana kwamba atampiga, kisha ukashuka. Alijaza kibuyu maji, akamkabidhi Zamda, akatangulia kurudi Uhindini.

Walingoja mpaka jua likawa kali. Minyororo ikalia tena. Mjomba Kondo alikuwa wa mwisho katika mstari, akiburuta mguu mmoja. Alipomwona Zamda, aligeuza uso upande wa pili.

Mtaa ulijaa wanunuzi, na mke wa askari alikuwa amesimama palepale barazani. Zamda akatoka mpaka katikati ya njia, akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu:

"Shikamoo, mjomba!"

Kondo akasimama. Midomo yake ilicheza kabla sauti haijatoka.

"Marahaba, mwanangu."

"Nani huyu?" askari alifoka.

"Ni mjomba wangu, kaka yake mama yangu," Zamda alijibu, kibuyu kikiwa tayari kinywani mwa Kondo. Kiboko kikamshukia mgongoni, kikachana leso na ngozi chini yake. Zamda hakukiachia kibuyu. Akauliza kwa Kindengereko, na Kondo, maji yakimdondoka kidevuni, akajibu kwa lugha hiyohiyo:

"Mtungi uko miguuni pa kaburi la babu yako."

Kiboko cha pili kikavunja kibuyu. Mstari ukaendelea.

Mwamini na Zamda walirudi nyumbani wakila majani na kuomba makombo njiani. Walichimba kaburini pa babu, wakakuta mtungi mzima, mbegu kavu na salama. Kiasi kidogo walimpikia Kibwana uji, nyingine wakapanda mvua zilipoanza. Kibwana alisimama tena kwa miguu yake.

Mpunga ulipoanza kuchanua, alikuja mtu mmoja aliyefunguliwa minyororo. Alisema Kondo alifia kazini, na kwamba mpaka siku yake ya mwisho aliwasimulia wenzake juu ya binti aliyemwamkia mbele ya mtaa mzima.

Zamda alilia hadi sauti ikamkauka. "Mimi ndiye niliyefanya apigwe siku ile," alisema.

"Ndiyo," Mwamini alijibu. Hakumbembeleza kwa uongo. "Alipigwa kwa ajili yako, na hilo utaishi nalo. Lakini sikiliza, mwanangu. Uongo wa kwanza uliusema kwa woga na kwa tamaa ya leso, na hayo humpata mtu. Uongo wa pili uliniambia mimi, mama yako, na mimi sikushika kiboko. Huo wa pili ndio ungemuua Kibwana na sisi sote. Mtu akikosa, aseme mapema, hata kama kusema kunauma, maana kosa lililosemwa bado lina dawa."

Kisha akampa Zamda jembe, wakaingia shambani kupalilia.