Achia Usukani

Rubani aliyenisimulia kisa hiki ni rafiki wa shemeji yangu, si mtu wa kutia chumvi. Yeye na fundi wake walikuwa wakipeleka dawa kwa ndege ndogo, wakaingia kwenye wingu jeusi tii. Pua ya ndege ikainuka. Akaisukuma chini, ikazama mno. Akaivuta, ikaruka juu zaidi. Vyuma vikalia, maboksi yakapasuka. Fundi akajigonga kichwa darini, damu ikamtiririka usoni, lakini akamshika rubani bega kwa upole.

“Kaka, unapigana nayo! Achia usukani itulie yenyewe, tutakufa!”

“Nimeshaachia, ndugu yangu!”

Kweli, mikono yao yote minne ilikuwa mbali na usukani. Usukani uliendelea kuvutwa na kusukumwa kwa nguvu, na ngozi iliyoufunika ilikuwa imebonyea mahali kumi, palipokaa vidole visivyo vyao.